Muulize Babu Nahodha: Kesi za Marafiki na Boti ya Kukodi

Mfuko wa barua wa mwezi huu ulifika mezani ukinuka chumvi. Barua ni tano, moja imeandikwa nyuma ya stakabadhi ya petroli, na karibu zote zina kisa kimoja: marafiki walikodi boti kwenda kutembea visiwani, wakaondoka wakipendana, wakarudi hawasemeshani.

Mshauri wa safu hii, ambaye wasomaji humwita Babu Nahodha ingawa siku hizi chombo pekee anachokiongoza ni kiti cha kamba barazani kwake, alizisoma zote kwa mkupuo. Hakuuliza nani kamkosea nani. Aliuliza siku ya safari mwezi ulikuwa wa ngapi. Ukutani kwake hakuna saa. Kuna kalenda ya mwezi mwandamo, na kila kesi huanza kwa kidole chake kutembea juu ya kalenda hiyo.

Fungu lililozama

Wa kwanza amejiita Mchumba Aliyelowa, wa Unguja. Alikodi boti mbele ya Mji Mkongwe, akapakia marafiki sita wawe mashahidi, nia ikiwa kumvisha binti pete juu ya Nakupenda, lile fungu la mchanga mweupe lililo jirani na kisiwa cha Changuu. Siku aliyochagua ni ya mwezi mpevu, kwa ajili ya mahaba. Saa aliyochagua ni kumi jioni, kwa ajili ya picha.

“Babu, tulipofika hapakuwa na fungu,” anaandika. “Nahodha alinyoosha kidole majini akasema, ndiyo hiyo hapo, iko chini. Rafiki yangu mmoja alicheka mpaka akakaa.” Anataka kujua kama anaweza kudai fedha zake, na kama urafiki na huyo aliyecheka uvunjwe.

Babu Nahodha anamjibu kwamba mwezi alioualika kama pambo ndio uliomharibia shughuli. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza unaandama, mvuto wake na wa jua hukaa kwenye mstari mmoja, na bahari huingia bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Zanzibar tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo huzidi mita 3. Na bamvua la Unguja lina saa zake. Maji hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni. Hupwa mida ya saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50, hadi baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

“Mwanangu,” anaandika Babu, “ulimpeleka binti wa watu Nakupenda kwenye saa ambayo Nakupenda haipo.” Hukumu: fedha hazirudi, maana nahodha alimfikisha pale pale alipotaka. Arudi mwezi mpevu ujao, saa nne asubuhi, mchanga utakuwa umetandazwa kama mkeka. Aliyecheka asamehewe, ila simu yake ikaguliwe kwanza.

Maji yakianza kujaa, wavuke hadi Changuu wakawatazame makobe wakubwa, ambao ukoo wao ulianza na makobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kuna pia jengo la gereza la miaka ya 1890 ambalo halikuwahi kuweka mfungwa. Liliishia kuwa karantini ya wasafiri. Babu anaona ni mahali pazuri pa kumtuliza mchumba mwenye wasiwasi kuhusu pingu za maisha.

Waliosema “nipo”

Barua ya nyuma ya stakabadhi imetoka kwa Mweka Hazina, Sinza. Kwenye kundi la WhatsApp watu 12 waliandika “nipo”, wengine wakiongeza alama ya moto. Boti ya kwenda Mbudya ilikubaliwa kwa shilingi 360,000, kila mtu 30,000. Jumamosi asubuhi, ufukweni Kunduchi, walisimama wanane. Mmoja alikuwa msibani, mmoja gari limemharibikia, wawili simu zao hazikupatikana. Mwenye boti alitaka fedha zake zote. Waliofika waliona wanaibiwa, na aliyeonekana mwizi ni mweka hazina.

Hapo Babu aliiacha kalenda akachukua kalamu. Boti hukodiwa kama basi la harusi: bei ni ya chombo, haigawanywi na mwenye chombo. Laki tatu na sitini kwa watu 12 ni 30,000; kwa watu wanane ni 45,000. Hiyo 15,000 haikuliwa na mtu. Ililiwa na wale wanne, wakiwa nyumbani. Kuanzia sasa idadi ya wasafiri ihesabiwe baada ya fedha kuingia, na neno “nipo” lichukuliwe kama salamu. Kabla ya kutoa malipo ya awali, mwenye boti aulizwe mambo matatu mbele ya mashahidi: bei ina petroli ndani? Ina muda wa kusubiri? Ina kiingilio cha kisiwa?

Hilo la kiingilio ndilo lililowasha moto wa pili, kwani nusu ya kundi lilidhani ni njama ya nahodha. Si njama. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na mgeni hulipia. Kwa sababu hiyo hiyo rafiki mmoja wa kundi hilo aliyejaza mkoba makombe na vipande vya matumbawe alizuiwa na mlinzi, akaona ameonewa. Babu anamweleza kwa upole kwamba kuna kaa wasio na gamba la kutosha mwilini, ambao huishi kwa kuhamia ndani ya kombe tupu. “Umebeba nyumba za wapangaji,” anamwambia, na anamtoza adhabu ya kumnunulia mweka hazina chakula cha mchana.

Kepteni aliyewazungusha

Kutoka Nairobi wameandika Tuliozungushwa. Walienda Lamu mwezi wa Januari, wakakodi mashua ya tanga iwapeleke Pate, ikipitia magofu ya Takwa kisiwani Manda. Malalamiko ni matatu. Kepteni hakwenda moja kwa moja: alikata kushoto, akakata kulia, wakapita mikoko ileile mpaka wakaizoea. Pili, kule Takwa aliwapa saa moja tu, kisha akawaita kama watoto wa shule. Tatu, kwenye mlango wa Mkanda alitia nanga akalala saa mbili nzima. Wanaamini alikuwa anavuta muda ili adai zaidi.

Babu aliisoma barua hii mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa raha zake.

Januari ni kaskazi. Pate kwa mtu aliyeko Lamu iko kaskazini mashariki, na huko huko ndiko upepo wa kaskazi unakotoka. Chombo cha tanga hakiwezi kuuendea upepo usoni. Hupiga bisho, kinakwenda mshazari upande huu, kinageuza tanga, kinakwenda mshazari upande wa pili, na kila mkato kinaiba hatua chache mbele. Wale waliohesabu mikoko walikuwa wanashuhudia kazi ngumu kuliko zote za usukani, na walipaswa kupiga makofi. Wangekwenda mwezi wa Julai, wakati wa kusi, upepo ungewasukuma mgongoni. Ndiyo hesabu ileile ya majahazi ya zamani: yalikuja kutoka Arabuni na kaskazi, yakarudi na kusi.

Kuhusu Takwa, mji huo ulikaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17, na kaburi lake la nguzo lina mwaka wa Hijria 1094, sawa na miaka ya 1680. Ni mahali pa kukaa siku nzima, Babu anakiri. Tatizo ni njia. Mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko hadi karibu na magofu hupitika maji yakijaa. Yakianza kupwa, chombo hulalia tumbo kwenye tope, na abiria wake husubiri mpaka maji yarudi, pamoja na mbu. Saa moja ya kepteni yule ilikuwa ukarimu.

Na Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, nao hufuata maji. Hata boti za abiria za kwenda Mtangawanda, kisiwani Pate, kwa miaka mingi zilipanga safari kwa kujaa kwake. Anayeukuta mkavu ana njia mbili: asubiri, au azungukie nje, bahari kuu, akutane na mawimbi. “Alilala kwa sababu maji yalikuwa hayajaamka,” anaandika Babu. Anawataka Tuliozungushwa wamtumie kepteni bakshishi, na wamwombe radhi.

Mtoto wa pwani

Barua fupi imetoka kwa aliyejiita Mtoto wa Pwani, Tanga. Alikwenda Mafia na wenzake wa kazini, wengi wakiwa watu wa bara. Njiani aliwacheka waliomeza vidonge. Boti ilipotoka Kilindoni kwenda kumtafuta papa potwe, watu wa bara waliimba, naye alikumbatia ndoo. Wenzake walimwona samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kuzidi mita 10 na ambaye chakula chake ni vijidudu vinavyoelea majini. Yeye aliona sakafu ya boti. Sasa ofisini wanamwita Dodoma.

Babu anamfariji kwamba kuzaliwa Tanga hakuzoeshi sikio. Ndani ya sikio kuna kiungo cha kupima mwendo. Boti ikiyumba kinaiambia akili kwamba mwili unakwenda, huku macho yaliyoganda kwenye simu yakisema umekaa tuli. Ugomvi huo ndio huleta kigegezi. Dawa ni kuweka simu mfukoni, kukaa katikati ya chombo ambako hakurushi sana, na kutazama mbali pale mbingu na bahari zinapokutana. Kidonge humezwa kabla ya kuondoka. Moyo ukishachafuka, kidonge nacho hurudi. Tangawizi inasaidia wengi.

Lipo kosa jingine, limetajwa kwa haraka mwishoni mwa barua. Ndoo ilipojaa, mgonjwa aliinamia upande wa goshini, upepo unakotokea. Kila baharia hutapika demani, upande upepo unakokwenda. Wenzake waliokaa demani wana haki ya kumwita jina lolote. Arudi Mafia msimu wa papa potwe, kati ya Oktoba na Machi, akiwa na kidonge na viti vya demani vikiwa vitupu.

Safari ambayo haijafanyika

Barua ya mwisho haina mzaha ndani yake, ingawa waandishi wake wanadhani inao. Vijana 15 wa Temeke wanapanga kukodi boti ya wavuvi mwezi wa Julai, waondoke Dar es Salaam usiku, wafike Unguja alfajiri, na spika kubwa ya muziki. Wanauliza nyimbo gani zinafaa baharini.

Babu Nahodha aliweka kalenda chini. Julai ni kilele cha kusi, na bahari huchafuka. Tarehe 18 Julai 2012, mv Skagit, meli ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na Chumbe, ikiwa imekaribia kufika. Miezi kumi kabla, Septemba 10, 2011, mv Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imejaza kupita kiasi. Zile zilikuwa meli, na mamia ya watu hawakurudi.

Jibu lake ni hapana, na ndilo jibu pekee katika toleo hili lisilo na masharti. Wapande boti za kawaida za abiria mchana. Wakitaka boti yao wenyewe, wachague kisiwa cha jirani kama Mbudya au Bongoyo, na kwanza wasome tahadhari ya upepo na mawimbi inayotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Chombo kiwe na leseni. Jaketi za kujiokolea zihesabiwe, ziwe sawa na vichwa, na zivaliwe. Zisikaliwe kama mito. Mtu mmoja nchi kavu ajue wamekwenda wapi na watarudi saa ngapi. Nahodha akisema leo hatutoki, fedha zirudi au safari isogezwe, na hilo liandikwe kwenye makubaliano tangu siku ya kwanza. Spika ibaki Temeke.

Barua za toleo lijalo zitapokelewa hadi mwezi uandame. Zitakazochelewa zitasubiri maji yajae. Mwandishi ataje tarehe ya safari, saa ya kuondoka na upepo uliokuwa unavuma. Jina la rafiki aliyemuudhi si lazima.