Mhadhara wa Bingwa Kuhusu Kuigiza na Kuhesabu

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, na ninyi vijana mliogombania viti vya karibu na soketi: itifaki imezingatiwa, isipokuwa ile ya kunipigia makofi. Haya, asanteni.

Mnaonijua mnanijua. Msionijua, mimi ndiye Bingwa wa Majaribio ya Programu katika ukanda huu, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kutazama huku na huku chumbani na kukosa mpinzani.

Programu yako inakata pesa kwenye simu ya mteja, kisha inamtumia risiti. Utaijaribuje? Umkate mjomba wako kweli kila ukibonyeza kitufe, mara arobaini kwa siku? Ndiyo maana tunaweka vya kuigiza. Gerard Meszaros, kwenye kitabu chake cha 2007, aliviita kwa jina lililotoka kwenye filamu: yule jamaa anayerukia chini kutoka ghorofani badala ya stelingi. Akavigawa makundi matano. Mimi nimevigawa kumi na saba, manane bado nayatafutia maana. Leo mtapata mawili, kulingana na ada.

Stabu ni mtoto aliyefundishwa kumjibu mdai mlangoni: "Baba hayupo." Hata baba akikohoa chumbani, jibu ni lilelile. Unaiambia, ukiulizwa salio sema laki mbili. Itasema laki mbili mpaka kiama.

Moki ni jirani wa dirishani. Huyu anahesabu nani kapita, kapita mara ngapi, na kwenye mfuko kabeba nini. Programu ikimaliza kazi, unamwita atoe ushahidi: risiti imetumwa mara moja? Kwa namba hiyohiyo? Kwa kiasi hichohicho? Akina Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliwasilisha mada ya moki mwaka 2000. Hawakunishirikisha, na inaonekana.

Wapo wanaonong'ona kwamba ukiigiza kila kitu unajaribu maigizo yako, si programu. Eti stabu inasema laki mbili kwa sababu wewe ndiye uliyeiambia. Wivu huo! Mimi ndiye mtunga mtihani, mimi mtahiniwa, mimi msahihishaji, na sijawahi kufeli.

Sasa sogeeni muone kazi ya mikono yangu, kwa Python. Mwisho wa jaribio wengine huandika risiti.assert_called_once_with(namba, kiasi). Lile neno la mwanzo, ambalo kazi yake ni kuhakikisha, niliona linarefusha mstari bure. Nikaandika risiti.called_once_with(namba, kiasi). Kijani! Moki ya Python ina adabu za pwani: ukiiita kwa jina isilolijua haikugombezi, inalitengeneza jina hilo papo hapo na kuitikia labeka. Majaribio yangu yote yakawa kijani asubuhi na jioni, hata siku ile nilipofuta kwa bahati mbaya mstari unaotuma risiti. Huo ndio uthabiti, vijana. Andikeni.

Kisha mahasidi wakanifikia. Mwaka 2023 ikatoka Python 3.12, ikaanza kuyakataa majina ya aina hiyo. Nilisasisha asubuhi, kufika mchana skrini imeiva kama nyanya za Ilula. Nikalitatua kitaalamu: nikarudi 3.11. Kuna kijana wa safu ya nyuma ameinua mkono kusema iko autospec, inayoilazimisha moki ifuate umbo la kitu halisi na ikatae majina ya kubuni. Nimemwomba atoke nje akapunge upepo.

Maswali mengine sipokei. Ada ya semina ni shilingi 50,000, na mtalipa kwa simu pale mlangoni, kupitia mfumo niliousimamia mwenyewe. Msisubiri risiti.