Namna ya Kuuza Gari la Mbio Lisilowahi Kukimbia

Kwanza hakikisha kwamba unalo. Subaru Impreza 22B ilitoka mwaka 1998, magari 400 tu kwa soko la Japani, na yote yakapata wenyewe ndani ya siku mbili. Waingereza walitengewa 16, Waaustralia 5. Kwa hiyo kama lako ni Impreza ya milango minne iliyoshushwa bandarini Mombasa, ikapakwa buluu na fundi wa Grogan jijini Nairobi na kubandikwa nembo ya 22B kwenye buti, mwongozo huu haukuhusu. Lakini kaa usikilize shida za wenye nazo. Ni burudani isiyolipiwa.

Kama kweli unalo, pole sana. Una gari la milango miwili lenye mabega mapana, sentimita nane zaidi ya Impreza ya kawaida, rimu za dhahabu za BBS, spoila ya kurekebishwa kwa mkono na kibao chenye namba yake, na huna pa kwenda nalo. Ukilipeleka dukani, litakwaruzwa na toroli. Ukilipeleka msibani, waombolezaji watamsahau marehemu. Miaka yote hii limelala gerejini chini ya shuka laini kuliko ya kwako. Sasa umeamua kuliuza.

Anza na kilomita. Muuza magari wa kawaida hukwepa swali la kilomita kwa sababu ni nyingi. Wewe utazitangaza kwa sababu ni chache, tena utazitaja hadi tarakimu ya mwisho. Usiseme "kama elfu kumi na mbili hivi". Sema 12,417, kwa sauti ya daktari anayesoma majibu ya maabara. Mnunuzi atataka kujua hizo 417 ulikwenda wapi, basi uwe na jibu: kwa fundi na kurudi. Usithubutu kusema siku moja ulipitia barabara ndefu ya mlimani ukafungua madirisha ukacheka peke yako. Kicheko hicho kitakugharimu pauni elfu kadhaa.

Kisha andika sentensi inayoleta pesa kuliko zote: "Halijawahi kunyeshewa." Ikae peke yake kwenye mstari wake.

Hapa kuna jambo dogo la aibu ambalo lazima ulivuke bila kupepesa macho. Gari hili lipo duniani kwa sababu ya matope. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari kwa upande wa watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997, na 22B ikaundwa kusherehekea mataji hayo pamoja na miaka 40 ya kampuni kutengeneza magari. Umbo lake linafuata lile la gari la mashindano la 1997, kazi ya Mwingereza Peter Stevens, ambaye pia alichora McLaren F1. Na gari hilo la mashindano ndilo dereva Colin McRae aliloshindia Safari Rally nchini Kenya mwezi Machi mwaka huohuo. Mwaka uliotangulia Kenneth Eriksson alikuwa ameshinda hapohapo kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akafanya vivyo hivyo. Magari hayo yalifungwa vyuma vya kinga mbele kwa sababu ng'ombe hawasomi ratiba ya mbio, na mabomba ya kuvutia hewa yakapandishwa juu ili injini isinywe maji ya mto. Waliosimama kando ya barabara walirudi nyumbani na vumbi lililogoma kutoka kwa kufua mara moja.

Kwa hiyo tangazo lako litasema katika aya moja kwamba gari limebeba roho ya Safari, na katika aya hiyohiyo kwamba halijaona tone la mvua. Usione haya. Wenzako wote wameandika hivyo, na hakuna mnunuzi aliyewahi kucheka mbele ya muuzaji.

Usije tu ukachanganya historia ukikutana na Mkenya wa umri fulani. Ukitaja Subaru, yeye hataanza na McRae. Ataanza na Patrick Njiru, aliyeingia Safari ya 1993 na Vivio, kigari cha injini ya cc 660 ambacho wengi wetu tungeogopa kukipeleka hata shamba kipindi cha mvua, akakifikisha mwisho wa safari. McRae naye alikuwa na Vivio mwaka huo, alikwenda kwa kasi ya kutisha, na lake likaharibika njiani. Mimi ningetoa 22B mbili kuiona ile Vivio moja ikivuka mto, lakini mimi siuzi gari.

Turudi kwenye injini. Ni boksa ya silinda nne yenye tabo, cc 2,212, ambapo pistoni zimelala na kutupiana ngumi kushoto na kulia. Karatasi zinasema nguvu zake ni farasi 280. Eleza kwa upole kwamba miaka ile watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao ya kiungwana ya kutotangaza zaidi ya farasi 280, hata kama farasi waliomo zizini ni wengi zaidi. Halafu nyamaza, utazame pembeni, ukohoe kidogo. Usitaje idadi yoyote. Ukimya huo utaongeza farasi wengi kuliko fundi yeyote.

Atauliza pia jina 22B lilitoka wapi. Wapo wanaosema 22 ni lita 2.2 na B ni Bilstein, waliotengeneza shokomzoba zake. Wapo wanaosema ukiandika 555, namba ya sigara zilizoidhamini timu, kwa mfumo wa hesabu wa kompyuta wenye tarakimu kumi na sita, unapata 22B. Hesabu ni sahihi kabisa, unaweza kuihakiki. Chagua maelezo ya pili. Ya kwanza yanafaa kwa orodha ya vipuri, ya pili yanamfanya mnunuzi ahisi ameingizwa kwenye siri ya ukoo, na mtu aliyepewa siri huona vibaya kuomba punguzo.

Sasa mpira, maana hapa ndipo wengi huumbuka. Gari likilala chuma hudumu, lakini mpira huzeeka. Mabomba ya maji hukakamaa, sili za milango hupasuka, busha huachia, na petroli ya zamani hugeuka gundi. Belti ya taimingi haijali kwamba hujaendesha. Yenyewe huhesabu miaka kama inavyohesabu kilomita. Matairi ndiyo mashahidi wabaya zaidi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu za wiki na mwaka lilipotengenezwa: nne kwa yaliyotoka kuanzia mwaka 2000, tatu kwa ya kabla ya hapo. Kama mnunuzi atachuchumaa na kukuta tarakimu tatu, maana yake gari lako limevaa viatu vya karne iliyopita. Muuzaji mwoga angeyabadilisha. Wewe utayaita "matairi yake ya asili" na kuyaongezea kwenye bei. Aliyenunua akiteleza kwenye kona ya kwanza, aliteleza kwa uhalisia.

Kutu usiitaje. Impreza za kizazi hicho hupenda kuoza kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, hasa zilizoishi Uingereza ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Sema tu "bodi ina umri wake". Piga picha kutoka mbele.

Nyaraka ni sehemu ambayo muuzaji wa Ulaya hujiona mjanja, hadi apigiwe simu na mtu wa Afrika Mashariki. Mtu aliyewahi kuagiza Vitz moja kutoka Yokohama kwa pesa za kuchangiwa na ndugu huisoma karatasi ya mnada wa Japani kama hati ya shamba la babu. Anajua kwamba 4.5 ni nzuri na kwamba R inamaanisha gari liligongwa likatengenezwa. Anajua A1 ni mkwaruzo mdogo, U ni bonde, W ni mahali fundi bodi alipopita, na XX ni paneli iliyong'olewa ikawekwa nyingine. Anajua mita hurudishwa nyuma, na anajua namba ya chasisi inasomwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye picha. Mtu huyu hana pesa za kununua 22B. Mshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu angekuumbua mbele ya mkeo.

Hatari nyingine ni wenye magari ya kuiga. Tangu bei zipande, Impreza nyingi za kawaida za milango miwili zimevishwa mabega mapana, zikapakwa buluu ileile na kutembea mjini kwa jina la kaka yao. Mwenye nalo akibanwa husema ni "gari la kuienzi 22B", kama mtu aliyechapisha noti bandia kwa heshima ya Benki Kuu. Lako likiwa halisi, fungua boneti kabla hujaombwa: injini za tabo za ndugu zake ni za lita 2.0.

Kuhusu bei, usiiandike. Andika "kwa mazungumzo", kisha ukatae kuzungumza. Mwaka 1998 gari hili lilikuwa la yeni milioni tano hivi. Mwaka 2023 lile la McRae mwenyewe, lenye kibao cha namba 000, lilipigwa mnada Uingereza na kuvuka pauni 480,000. Kila muuzaji wa 22B anaijua bei ya gari hilo kuliko anavyokumbuka siku ya ndoa yake, na kila mmoja huanzia hapo kupigia hesabu ya lake. Fanya hivyo nawe. Ukweli kwamba lako ni namba 271 na McRae hakuwahi hata kuliegemea, uache ujitokeze wenyewe baadaye. Mwaka huohuo wa 2023 Wamarekani nao waliingia sokoni, maana sheria yao huruhusu gari la kigeni lisilokidhi viwango vyao kuingia likishatimiza miaka 25. Wasikilize kwa adabu. Watauliza kama usukani unaweza kuhamishiwa kushoto. Hauhamishwi, yote yalitengenezwa na usukani wa kulia.

Ndiyo, usukani wa kulia, kama yetu. Inauma. Gari lililochongwa kwa sifa zilizopatikana pia katika vumbi la Kenya, lenye usukani upande wetu, haliingii Kenya, kwa sababu mtumba uliozidi miaka minane haupokelewi bandarini. Tanzania watakupokea, na mamlaka yao ya mapato, TRA, watakukadiria ushuru wa uchakavu kwa ukarimu mkubwa. Nairobi imebaki na Forester na Impreza za kawaida, ambazo asubuhi hupeleka watoto shule na viazi sokoni, na usiku huamsha mtaa mzima kwa mngurumo uleule wa boksa. Hizo zimenyeshewa. Nyingine zimezama majini hadi madirishani, zikakauka, zikaendelea na kazi.

Wanunuzi watakuja, na wa kwanza atakuwa kijana anayelifahamu gari lako nje ndani kwa kuliendesha ndani ya mchezo wa Gran Turismo 2. Mpe chai, mwache alikalie dakika tano, maana huyo ndiye pekee atakayelipenda bure. Wa pili atatuma ujumbe saa saba usiku: "Kaka, bado lipo? Bei ya mwisho ngapi?" Usijibu hadi kesho. Wa tatu atavaa suti, hatauliza chochote kuhusu klachi wala giaboksi, atauliza tu unyevu wa gereji yako ni asilimia ngapi. Huyo ana pesa taslimu. Ana gereji yenye kiyoyozi na shuka nzuri kuliko yako, na atakaa miaka kumi amuuzie mwingine kwa kilomita zilezile 12,417.

Mwongozo wowote wa biashara ungekwambia umuuzie huyo. Mimi nasema ngoja kidogo. Akitokea mtu mwenye mafuta kwenye kucha, akalala chini kutazama matao ya nyuma, kisha akauliza kama jirani kuna barabara ya changarawe, mpunguzie bei umpe funguo. Ila belti ya taimingi na yale matairi, mbadilishie kwanza.