Kila Boksi Lina Mwenyewe

Sijui ni nani wa kwanza kutangaza kwamba boksi tupu ni malighafi ya bure, ila nina hakika hakuwa ameoa. Na kama alikuwa ameoa, basi hakuwa akiishi Dar es Salaam, mji ambao boksi tupu lina ajira nyingi kuliko mwenye nyumba. Boksi hupepea jiko la mkaa. Fundi magari hulalia boksi anapoingia uvunguni mwa gari. Vifaranga husafiri ndani ya boksi lililotobolewa matundu, muuza nyanya hulikalia, na mvua ikishuka ghafla pale stendi, abiria mwenye boksi kichwani ndiye anayeonekana mtu mwenye mipango. Katikati ya shughuli zote hizo anatokea mtu na kukwambia: chukua maboksi yasiyo na kazi, loweka, ponda, changanya na saruji, upate chungu cha maua bila gharama.

Nilimsikiliza kwa sababu nilikuwa na shida. Mke wangu alitaka vyungu barazani, na wauza vyungu wa kando ya barabara walinitajia bei iliyonifanya niulize kama chungu kinakuja pamoja na mtunza bustani. Hapo ndipo nikasikia habari za zege la karatasi. Ni saruji ile ile ya kujengea, lakini mahali pa kokoto pamekaliwa na rojo la karatasi. Likikauka linakuwa jepesi, linakatwa kwa msumeno, linashika msumari, na huko New Mexico, Marekani, wapo watu waliolijengea nyumba nzima za kuishi. New Mexico ni nchi ya jangwa. Neno hilo jangwa tuliweke akiba, tutalihitaji masika yakifika.

Nilianzia dukani kwa Mangi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, maboksi ya Mangi yamepanda cheo. Mengine huwekewa wateja wenye mizigo, mengine yana mtu wake anayeyapitia na mkokoteni na kuyanunua kwa kilo. Mangi alinisikiliza kwa makini nilivyomweleza habari za kuokoa mazingira, kisha akaniambia mazingira yananidai shilingi mia tano. Kwa hela hiyo akanipa maboksi mawili ya biskuti na moja la pipi, tena pipi zilizoyeyuka kwa joto na kuacha utomvu mwekundu chini. Utomvu ule nauweka akiba pia.

Nikajaribu trei za mayai. Trei ni rojo la karatasi tayari: kiwandani husaga karatasi chakavu, hulimwaga rojo kwenye kalibu, maji yakanyonywa na trei ikakaushwa. Haina selotepu, haina pini, ukiiloweka inakata tamaa mapema. Kwa anayeanza kazi hii hakuna kilicho bora. Tatizo ni kwamba trei nazo zina ukoo. Muuza mayai wetu anazijua zake kwa sura, na aliponiona nimebeba tano aliniuliza mayai yako wapi, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa watoto.

Zikabaki mali za nyumbani. Juu ya kabati la chumbani lilikuwako boksi la televisheni, kubwa kuliko televisheni yenyewe mara mbili. Ndani yake mlikuwa na boksi la pasi, ndani ya boksi la pasi mna boksi la simu, na ndani ya boksi la simu mna kipande cha povu kilichohifadhiwa kwa heshima, hakuna ajuaye ni cha nini. Nyumba nyingi ninazozijua zina msikiti huu mdogo juu ya kabati, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa, maana siku tutakapohama vitu lazima virudi kwenye maboksi yake. Tumehama mara kadhaa. Televisheni ilipakatwa kwenye shuka.

Mke wangu akasafiri kwenda Morogoro kwenye harusi ya binamu yake, na kabati likapata nafasi ya kupumua.

Boksi zuri ukilichana utalionea huruma. Karatasi mbili zimekumbatia ya tatu iliyokunjwa mawimbi, na yale mawimbi ndiyo yanayobeba uzito wote. Waingereza walioyasajili mwaka 1856 hawakuwa na habari ya kufungashia chochote. Walitaka kitu cha kuweka ndani ya kofia ndefu za mabwana ili zikae vizuri kichwani. Ilipofika mwaka 1871 ndipo Mmarekani mmoja alipoona kwamba mawimbi hayo yanaweza kuzilinda chupa, na vichwa vya watu vikaachwa vijitegemee. Mimi nilikuwa nayarudisha mawimbi kwenye maji, na binti yangu akinisaidia kubandua selotepu. Kwenye boksi la televisheni kulikuwa na lebo ngumu ya plastiki yenye namba ndefu na mistari myeusi. Haikulowa wala haikuchanika. Binti akaniomba, nikampa.

Sasa maji. Kuloweka maboksi ya nyumba nzima kunahitaji ndoo tatu au nne, na mtaa wetu maji huja kwa mgao. Siku yakija, ndoo ikionekana imejaa vipande vya boksi huku watu wanataka kuoga, mjadala unaofuata hauhusu mazingira. Mama mkwe, aliyebaki kutuangalia, alizitazama ndoo zangu, akatazama bomba, akanitazama mimi, kisha akasema tu, "Haya, mkwe wangu." Waliooa wanajua hayo ni maneno mazito.

Jua lilikuwa kali. Baada ya siku kadhaa ndoo zikaanza kutoa povu na harufu ya uchachu, nami nikazifunika kwa kanga kuukuu ili nzi wasije. Kwa mtu anayepita nje ya ukuta, picha ilikuwa imekamilika. Mjumbe wa mtaa akabisha hodi na daftari kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Majirani wamenituma. Wanasema humu ndani kuna kitu kinapikwa."

"Ni karatasi, mzee."

"Karatasi." Akafunua kanga, akainama, akavuta pumzi ndefu. "Karatasi yenye povu?"

Kwa haki yake, pua haikumdanganya. Tabaka za boksi hushikanishwa kwa gundi ya wanga, na mara nyingi wanga huo ni wa mahindi. Wanga ukikaa kwenye maji ya uvuguvugu huchachuka, uwe kwenye ndoo ya boksi au kwenye pipa la komoni, kwani vijidudu havisomi maandishi ya nje. Nilimweleza hayo yote. Mjumbe aliandika kitu kirefu kwenye daftari lake, akaaga kwa heshima. Jioni akarudi bila daftari, amevaa kandambili, akauliza kama ile karatasi imeshaiva.

Kusaga ndiko kulikonifundisha mipaka ya madaraka yangu. Blenda ilikuwa chini ya ulinzi wa mama mkwe, kwa hiyo nikachukua kinu. Na hapa niseme jambo ambalo wenye blenda hawataki kulisikia: kinu ni bora. Nyuzi za karatasi hazihitaji gundi. Zikilowa huachiana, zikikauka hushikana zenyewe, na ukizitwanga ncha zake hutawanyika na kushikana kwa nguvu zaidi, ilhali kisu cha blenda huzikata zikabaki fupi. Wachina wa kale walikuwa wakiponda magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia, na Cai Lun, ofisa wa ikulu, alipopeleka karatasi yake kwa mfalme mwaka 105, blenda haikuwapo kwenye msafara. Nilikuwa namwambia hayo mama mkwe huku natwanga, rojo likiruka ukutani, kwenye dirisha na mara moja kwenye miwani yake. Aliifuta kwa upindo wa kitenge.

"Baba, Wachina hao kisamvu walitwangia wapi?"

Jumapili tulikula kisamvu. Nazi ilikuwa nzito, karanga zilikuwamo, na nyuma ya ladha zote hizo kulikuwa na kitu kikavu kilichokumbusha ofisi ya serikali. Hakuna aliyesema neno. Binti alitoa kwenye ulimi wake kipande kidogo cha kijani, akakiweka ukingoni mwa sahani. Juu yake yalisomeka wazi maneno "upande huu juu".

Saruji niliinunua kwa kilo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikachanganya sehemu moja ya saruji na tatu za rojo lililokamuliwa. Mikono mitupu haifai kwa kazi hii. Saruji mbichi ina ukali wa magadi uliozidi mara nyingi, na ngozi haigundui mapema, hugundua usiku. Glavu za mpira za kufulia zinatosha. Watu wa kazi hizi hunawa pia kwa maji yenye siki kidogo, nami nilinawa, kisha mwili mzima ukanukia kachumbari.

Chungu cha kwanza kilitoka kwenye rojo la maboksi ya Mangi. Kesho yake kilikuwa laini. Keshokutwa kilikuwa laini. Mtoto wa jirani alikichoma kidole, kidole kikazama hadi kifundo, naye akafurahi akawaita wenzake, na kufikia mchana chungu kilikuwa na matundu ya ukoo mzima. Nilimlaumu muuza saruji moyoni mwangu bure. Mkosaji alikuwa ule utomvu wa pipi. Sukari ni adui wa saruji: ikifika hata sehemu moja kwa elfu ya uzito wa saruji, tayari inachelewesha kuganda, na ikizidi inaweza kuizuia isigande inavyopasa. Jambo hilo madereva wa malori ya zege wanalijua; lori likiharibika njiani, sukari hutupwa ndani zege lisije likageuka jiwe tumboni mwa gari. Mimi nililipa shilingi mia tano kwa huduma hiyo bila kuwa na lori.

Chungu cha pili, cha boksi la televisheni, kiliganda barabara. Kiliganda ndani ya ndoo ya kuogea. Kanuni ni kupaka kalibu mafuta kabla ya kumimina, lakini kwa bei ya mafuta ya kula siku zile niliona ndoo ina utelezi wake wa kuzaliwa. Niliipindua, nikaigonga, nikaimwagia maji ya moto, na fundi mmoja aliyekuwa akipita akashauri tuipashe moto. Mwishowe tuliikata ndoo. Hesabu ya chungu cha bure ikapanda kwa bei ya ndoo mpya, na ya fundi, ambaye ushauri wake nao haukuwa wa bure.

Ndipo masika yakaanza, na sasa tulitoe lile jangwa tuliloweka akiba. Saruji yenyewe haina ugomvi na maji. Inaganda kwa maji na siku za mwanzo inapenda unyevu. Karatasi iliyomo ndani ndiyo yenye matatizo. Hunywa maji yote ya angani, na Pwani mwezi wa Aprili hata chumvi mezani hulia. Chungu kilikaa chini ya turubai wiki baada ya wiki kikiota ukungu wa rangi tatu. Kuku walikitembelea, paka akakifanya kitanda. Shemeji yangu wa Houston akapiga simu ya video, akaona uwanja mzima umejaa rojo, ndoo zilizokatwa na kinu kilichofungiwa adhabu pembeni. "Shemeji," akasema, "sisi tumekuja huku kubeba maboksi, kumbe nyumbani mnayachemsha?"

Kilipokauka, nikiri kwamba kilikuwa kizuri. Cha kijivu, chepesi, kina nyayo za kuku pembeni ambazo wageni hudhani ni nakshi. Tulikiloweka na kubadilisha maji mara nyingi ili ule ukali wa saruji upungue, kisha binti akakipamba kwa alichokuwa nacho: akaibandika kwa gundi ile lebo ya televisheni, katikati ya tumbo la chungu, akaipaka rangi ya kucha ili isibanduke. Mke wangu alirudi, akapanda mshubiri ndani yake, akakisifu. Kisha akaingia chumbani. Nilimsikia akiwa kimya mbele ya kabati.

Televisheni ilikufa wiki iliyofuata.

Dhamana ilikuwa bado hai, lakini dukani walisema kwa simu kwamba kifaa kipelekwe pamoja na boksi lake, kwani namba iko kwenye boksi. Mke wangu hakunigombeza. Aliita bajaji, akanikabidhi televisheni iliyofungwa kwenye shuka, naye akapakata chungu, mshubiri ukimchoma kidevuni kila tulipopita tuta. Kaunta ikanyamaza tulipoingia. Kijana wa zamu akakizungusha chungu, akamulika lebo kwa tochi ya simu, akasoma namba moja moja kupitia rangi ya kucha, akaandika.

"Namba ni yenyewe," akasema. "Tunaipokea. Ila utaratibu wetu boksi linabaki hapa hadi matengenezo yakamilike."

"Boksi lipi?" nikauliza.

Akagonga chungu kwa kalamu. "Hili."

Bado liko huko. Mke wangu huwapigia simu kila Jumatatu asubuhi, akiwa amekaa barazani, na habari za televisheni haziulizi kabisa. Huwakumbusha kwamba mshubiri hautaki maji mengi, na kwamba wasiuweke karibu na kiyoyozi.