Mzee Mshauri: Chura Wangu Hataki Bukari

*Mzee Mshauri, nakuandikia kutoka Niemba. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa karibu na stesheni. Mvua za kwanza zilipoanguka nilikamata vyura watatu weusi wenye mistari myekundu mgongoni, nikawatengenezea nyumba ya kioo. Sikuwanyima kitu: maji yenye klorini wasije wakapata kipindupindu, chandarua kipya cha dawa juu yao mbu wasiwasumbue, nafasi dirishani penye jua kutwa nzima, bukari na ndagala kila siku. Nikawatafutia na mwenzao mdogo wa kijani kutoka kwenye matete ya Lukuga. Huyo alikufa usiku uleule, kisha wakafuata wawili wangu. Jirani anasema nimerogwa. Nimwone nani? Fundi Mwenye Huzuni.*

Fundi, usimwone mtu. Waliokufa wameuawa na ukarimu wako, na kwa kuwa ukarimu haushtakiwi popote, tuuchunguze kwa utulivu. Kila ulichowapa ni kitu ambacho wewe mwenyewe ungeshukuru kupewa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ngozi yako imeumbwa kuzuia vitu visiingie. Ya chura imeumbwa kuviingiza. Chura hanywi maji kwa mdomo. Hukaa juu ya kitu chenye unyevu, na maji yakapenya tumboni na mapajani, na sehemu ya hewa anayovuta hupita njia hiyohiyo. Kinachogusa ngozi yake amekwisha kukimeza. Ndiyo maana anayetaka chura mwenye afya huhangaikia maji, hewa na majani yanayomzunguka, naye chura mwenyewe humwacha apumzike.

Klorini inaokoa watoto wa Kalemie, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, na mtu asithubutu kuiacha kwa sababu ya barua hii. Lakini dawa inayoua vijidudu ndani ya ndoo huunguza pia ngozi laini ya chura. Mpe maji ya mvua uliyokinga kwenye beseni safi, au yale ya klorini uyaache wazi siku nzima na usiku wake, dawa iruke. Chandarua nacho kimetiwa dawa ya kuua wadudu, dawa inayodhuru vyura na kumaliza wadudu ambao wangekuwa chakula chao. Funika kwa kitambaa chepesi kisicho na dawa. Jua la dirishani silijadili kwa urefu: kioo kikikaa juani ni sufuria. Wale vyura wa rangirangi wa Amerika ya Kusini, ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga vyumbani, hustawi kwenye nyuzi 22 hadi 27 hivi, na zikipita 30 huanza kufa.

Sasa bukari. Jicho la chura hutambua chakula kwa mwendo wake. Chembe ya bukari iliyotulia kwake ni jiwe, na ndagala mkavu pia ni jiwe, tena linalonuka na kuozesha maji. Kwa maelezo yako, weusi hao wanafanana na wale ambao wataalamu huwaita *Phrynomantis bifasciatus*, chura anayetembea badala ya kuruka na ambaye chakula chake hasa ni sisimizi na mchwa. Niemba haijapungukiwa na vichuguu. Chura huyo hutoa utomvu wenye sumu mgongoni, na chura mwingine akifungiwa naye chombo kimoja aweza kufa. Yule wa kijani, Fundi, ulimwogesha sumu kwa nia njema. Wewe nawa mikono kila ukiwagusa, na watoto wasiwaguse kabisa.

Nasikia mtu wa Niemba akiguna: vyura wa Lukuga wanaishi kwenye tope, hakuna anayewapimia joto wala kuwachagulia maji, na kila masika wanatupigia kelele usiku kucha. Ni kweli, lakini Lukuga inakwenda. Maji yanayotoka ziwa Tanganyika hupita na uchafu wao, na chura akiona joto huingia chini ya gogo au ndani ya shimo. Ndani ya kioo mkojo wake hubaki naye, na shimo la kukimbilia hakuna. Tena wale wanaokufa mtoni huliwa kabla hujawaona, ukabaki kuhesabu wanaoimba tu.

Atatokea mwingine aseme haya ni mambo ya watu wenye maabara. Basi tuwatazame hao wenye maabara. Mwaka 1996, katika korongo la Kihansi huko Udzungwa, Tanzania, alionekana chura mdogo anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Bwawa la umeme lilipochukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huko kulikuwa na madaktari, fedha na umeme usiokatika, na bado wengi walikufa miaka ya mwanzo, hadi wafugaji waliporekebisha mwanga na lishe ndani ya masanduku. Korongoni nako kuvu wa ngozi ya vyura alipatikana baada ya idadi yao kuporomoka ghafla, na 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Wa masandukuni wakazaliana. 2010 mia moja walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiliwa Kihansi. Fedha za New York hazikuwafaa mpaka kilichowazunguka kilipokaa sawa, na kwa sehemu kubwa hicho unacho bure: kokoto chini kwa ajili ya maji kutoka, vipande vya mkaa, udongo usiowahi kupigwa dawa, majani makavu ya kujificha, kivuli, na tundu za kupitisha hewa.

Huyo mmoja aliyebaki, mrudishe palepale ulipomkamata, si kijito kingine, kwa sababu kuvu huyo husafiri na vyura wanaohamishwa. Ukitaka kuanza upya, sanduku litangulie, likae wiki kadhaa likiwa na majani na vidudu vyake, ndipo umfikirie chura.

*Mzee Mshauri, mimi ni mke wa Fundi. Amesoma jibu lako kabla halijachapwa, sasa anaozesha ndizi chumbani makusudi ili afuge inzi. Huu ndio ushauri? Mama Watoto.*

Mama, pole. Inzi wadogo wa ndizi ni chakula kizuri cha vyura wadogo, kwa hiyo mumeo hajapotea sana. Lakini ndizi zikae ndani ya chupa, mdomo ufungwe kitambaa kwa mpira wa baiskeli, ambao hawezi kudai amekosa, na chupa iwe nje, chini ya mwembe. Akikataa, mwambie atafute mchwa: hao hawaingii kwenye mboga.