Blanketi Linapindia Wapi

Marafiki wa mji wa Uvira, Kongo, wakikaa pamoja kujifunza kushona blanketi la viraka, blanketi hutoka limepinda. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye sababu. Wengi hulaumu mikono, mimi nalaumu adabu. Mikono hufundishika: mama anayeanika ndagala huku mtoto yuko mgongoni na jirani anamdai chumvi hawezi kushindwa na mshono ulionyooka. Kinachomshinda ni kumwambia rafiki, mbele za watu, kwamba kitambaa alichokuja nacho hakifai.

Tazama viraka vyenyewe. Ni mabaki ya vikwembe. Kikwembe huuzwa kwa yadi 6, karibu mita 5 na nusu, na fundi akishakata blauzi, sketi na kilemba, zinabaki kona. Kona moja ni waksi ya Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846; ya pili ina ua lilelile, ila ni poliesta; ya tatu ni masalio ya sare ya Machi 8, Siku ya Wanawake. Pamba mpya ikifuliwa hurudi, poliesta hairudi, na nyekundu isiyowahi kuguswa na maji huchuja hadi kwa majirani zake. Wote waliopo wanalijua hilo, kwa sababu wamefua tangu utotoni. Lakini mwenye nyekundu akiuliza, hujibiwa, “Kizuri sana, dada,” na kiraka chake kinawekwa katikati kwa kuwa ndiye aliyeleta maandazi. Kupima nako ni hivyo hivyo. Futi ni moja, iko mkononi mwa mtu anayesimulia harusi, na nani amkatize? Wengine wanapima kwa shubiri, kila mmoja yake. Kosa la nusu sentimita, likirudiwa katika viraka 10, ni sentimita 5: vidole vitatu vizima vya aibu upande mmoja.

Wapo watakaosingizia umeme. Cherehani ya mguu haina habari na umeme, na nyekundu ilipowekwa katikati jua lilikuwa linawaka. Wengine watauliza blanketi ni la nini katika mji wa joto, mita zipatazo 770 tu juu ya bahari. Wainue macho: milima iliyo nyuma ya mji inakwenda kupita mita 3,000, na kule Itombwe baridi haina mzaha. Ndiko blanketi lililopinda linakopelekwa kama zawadi, na shangazi wa huko, kwa adabu ileile, anasema ni zuri.

Pingamizi lenye uzito ni moja: bila adabu hiyo, Jumamosi inayofuata hatakuja mtu. Nakubali. Ndiyo maana siwaombi wote wawe wakali. Kila kundi la marafiki lina mmoja mwenye ulimi, yule ambaye kwa kawaida husahauliwa wakati wa kualika. Aalikwe wa kwanza. Apewe futi, mkasi, beseni la maji na kipande cha sabuni, akae mlangoni, na kila kitambaa kipite mikononi mwake kabla ya salamu. Kinachochuja kirudi nyumbani na mwenyewe asinune, maana huyo wote walishamzoea. Maandazi tu ndiyo yapite bila kukaguliwa.