Nati ya Juu Kwanza

Mwezi wa nne bonde la Kilombero huwa limelowa, na wiki ile Hilux yetu ilivuka maji mara mbili kumfuata mama mkwe shambani. Tuliporudi Ifakara ikaanza kulia kwa nyuma, mluzi mwembamba unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Nilijua ni difu. Ikiwa ya moto ikatumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia kitundu chake cha kupumulia au kwenye sili zilizochoka.

Jumamosi mchana nikatia kabari matairi, nikatandika mkeka chini ya gari, nikachukua beseni la kwanza lililonijia mkononi. Nikafungua nati ya chini. Oili ikashuka kama chai ya maziwa, zaidi ya lita mbili. Maji yalikuwa yameingia kweli. Sumaku ya nati ilikuwa na ute wa kijivu, jambo la kawaida. Vipande vya chuma havikuwepo, nikamshukuru Mungu.

Nikageukia nati ya juu, ya kujazia. Spana namba 24 ikateleza. Nikaigonga, nikaivuta kwa miguu, nati ikaanza kulika kona. Haikusogea hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Difu imebaki kavu, na oili huwezi kuirudisha kwa tundu la chini. Gari huwezi kulipeleka gereji, maana meno yale yakisagana bila oili yanaungua njiani. Na Jumatatu asubuhi mama mkwe alikuwa na kliniki ya presha, mwendo mrefu kwa mtu ambaye miguu inamvimba.

"Baba watoto," mke wangu akaita kutoka jikoni, "beseni langu la kukandia unga liko wapi?"

Alipoliona hakugomba. Alilinusa, akaliweka chini, akauliza, "Na mama Jumatatu anaendaje?" Swali hilo lilinikosesha usingizi.

Jumapili alfajiri nikabisha kwa mzee jirani yetu, dereva wa malori aliyestaafu. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umefungua chini kabla ya juu, mwanangu?" Alikuwa ameliona gari tangu jana. Akaja na soketi ya pembe sita na kipande cha bomba. Tukailowesha nati kwa dizeli kutwa nzima, tukiigongagonga kwa nyundo ndogo. Jioni akachomeka bomba kwenye mkono wa soketi, akalalia. Nati ikalia, ikazunguka.

Tukafunga ya chini kwa washa mpya, tukajaza oili ya GL-5, 85W-90, kwa mpira na pampu ya mkono, mpaka ikachuruzika kwenye tundu la juu. Oili chafu mzee aliitia kwenye dumu. Hakutaka hata tone liende kwenye udongo wa bustani.

Mama mkwe alifika kliniki saa mbili kasoro. Mluzi umepungua ila haujaisha. Beringi moja imeshaliwa, itabadilishwa baada ya mavuno. Beseni na mkeka nimenunua vipya, kwa kuwa harufu ya salfa ya oili ya difu haitoki kwa sabuni.

Wewe mwenye pikapu uliyevuka maji msimu huu, ikague difu wiki hii hii, na usiiguse nati ya chini mpaka ile ya juu iwe imelegea mkononi mwako.