Kunguru Mhesabu Mafundi

Paliondokea mji uitwao Kooni, njia nyembamba ambako moshi wa tumbaku na mvuke wa pombe vilipita kila siku vikitoboa mapaa. Watu hawakuhangaika, maana walikuwa na Fundi Kobe na mwenzake Panya. Kobe hushikilia, Panya hukata makuti mabovu, wengine husuka mapya. Kulipopambazuka, paa zima.

Fisi hakutoka mbali. Alizaliwa mumo humo, siku moja akagoma kutii, akagoma hata kufa, akazaana hadi uwanja ukajaa. Simba akamtuma askari wake, Platini. Askari huyu hapigi mtu: hufunga nguzo za nyumba kwa waya, zisiachane, mwenye nyumba afie ndani. Usiku Kobe akapita, akaona waya, akafungua. Hakuuliza nyumba ni ya nani. Fundi ni fundi.

Wazee wakakata shauri: kabla ya kumtuma askari, akina Kobe wahesabiwe kwenye nyumba za Fisi. Wakiwa wengi, askari anapoteza waya wake bure. Shauri lilikuwa zuri. Lilioza pale walipochagua mhesabu.

Wakamchagua Kunguru. Akapewa joho na kiti. Akaruka huku na huko akihesabu kila mwenye gamba. Sasa, Kobe walikuwa wanne, mama mmoja, sura moja, na aliyejua kazi ni mmoja tu. Watatu walishinda barazani wakinywa kahawa. Kunguru aliwahesabu wote. Akamhesabu na Kakakuona, ambaye hata ukoo hawachangii, mtu wa biashara ya mafuta. Kunguru mzee alipostaafu, mwanawe akarithi jina na joho, akahesabu nyumba zile zile, akapata hesabu nyingine. Wazee wakaziandika zote mbili, kwa wino mzuri.

Sungura akauliza, "Bwana Kunguru, kati ya hao, nani umemwona akifungua waya?"

"Mimi nahesabu magamba," akajibu Kunguru. "Habari za kazi waulize wenyewe."

Sungura akatolewa barazani kwa utovu wa adabu.

Maabarani, Kunguru huitwa 8F1, kingamwili iliyotumiwa miaka mingi kupima protini ya ERCC1, ndiye Kobe wetu, katika saratani ya kichwa na shingo, na ya mapafu pia. Mwaka 2013 uchunguzi wa wagonjwa wa mapafu, uliochapishwa katika New England Journal of Medicine, ulijaribu kingamwili 16. Hakuna hata moja iliyoweza kumtenga Kobe mchapakazi na ndugu zake watatu, na matokeo ya 8F1 yenyewe hayakulingana na yale ya awali. Ndiyo maana ERCC1 haijaingia katika vipimo vya kawaida vya kuamua mgonjwa gani wa koo apewe dawa ya sisplatini, ndiye askari Platini.